Visoda kwanza, alama baadaye

“Nane!” Darasa zima linaitika kwa sauti moja. Ubaoni pameandikwa 5 + 3, swali lilelile la jana. Mwalimu akiligeuza kidogo tu, akaandika 3 + 5, sauti zinapungua na macho yanaanza kutafuta jibu kwa jirani.

Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania yameelekezwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. K ya tatu ndiyo inayowadanganya watu wazima. Mtoto anayetaja moja hadi ishirini bila kukwama hupigiwa makofi, kumbe huenda amezikariri namba kama wimbo.

Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza mambo ambayo mtoto hana budi kuyashika ili ahesabu kweli. Miongoni mwake: kila kitu kipewe namba moja tu, namba zifuatane kwa mpangilio usiobadilika, na namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote. Hilo la mwisho ndilo kisiki. Mtoto mdogo akishahesabu kete tano, muulize ziko ngapi, si ajabu akaanza upya, “Moja, mbili...” Hana kasoro yoyote, ila kumwekea alama ya kujumlisha wakati huo ni kumharakisha bure.

Anachohitaji ni visoda. Aweke vitano, aongeze vitatu, avichanganye, kisha ahesabu vyote tangu mwanzo. Kujumlisha huanzia hapo. Tatizo ni kwamba madarasa mengi yenye vihesabio huishia hapohapo, na mtoto hubaki akianzia moja kila mara.

Hatua inayofuata inataka kikombe cha plastiki. Visoda vitano vifunikwe mbele ya macho yake, vitatu vibaki nje. “Ndani vimo vitano. Vyote vingapi?” Asiye tayari atafunua kikombe, aachwe afunue. Siku nyingine atakigusa tu na kusema “tano”, kisha avielekezee kidole vya nje: sita, saba, nane. Hapo amejumlisha. Baadaye, bila kuelekezwa na mtu, huenda akagundua kwamba 2 + 7 ni nyepesi zaidi ukianzia saba.

Vidole navyo viachwe vifanye kazi. Wako walimu wanaovikataza, wakidhani ni dalili ya uzito wa akili, na mtoto huishia kuhesabu kwa siri chini ya dawati. Katazo hilo halina faida, kwani mtoto aliyekwisha elewa huviacha mwenyewe. Pwani ndiko linakoshangaza zaidi: bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wenye heshima zao hushinda barazani wakigawa kete moja moja bila mtu kuwacheka.

Walimu watasema madarasa yamejaa, na hawasemi uongo. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, baadhi ya shule zilipokea watoto kupita uwezo wake. Hata hivyo, darasa kubwa ndilo linaloumizwa zaidi na kuitikia kwa pamoja, maana asiyejua hujificha ndani ya sauti za wenzake. Mfuko mmoja wa visoda kwa watoto wanne humfichua. Vifaa vyenyewe hutupwa kila jioni kwenye grosari. Kingo zipondwe kwanza. Kwa darasa la awali vitafutwe vitu vikubwa zaidi, kwa sababu vitu vidogo, kama maharage, vina tabia ya kuingia puani.

Kikwazo kigumu zaidi ni daftari. Kipindi cha visoda hakiachi vema hata moja la kumwonyesha mzazi, na mwalimu mkuu anayepita dirishani huona watoto wanacheza. Mwalimu akijua atapimwa kwa kurasa zilizojaa, atazijaza. Basi mthibiti ubora wa shule anayeingia darasa la kwanza aombe kikombe na visoda vinane, amwite mtoto mmoja mmoja mezani, na madaftari ayakague mwishoni.