Furaha ni Haki ya Mtoto wa Shule ya Msingi

Wazazi tunapokutana na kuzungumza juu ya shule ya msingi, aghalabu mazungumzo yetu huanza na mtihani na huishia katika mtihani: shule fulani imekuwa ya ngapi wilayani, watoto wangapi wamechaguliwa kwenda sekondari, mwalimu yupi ni hodari wa kufaulisha, na nani alaumiwe pale matokeo yanapokuwa duni. Sisemi kwamba maswali hayo ni batili, kwa maana mzazi aliyejinyima ili mwanawe apate daftari na sare ana haki ya kuuliza jasho lake limezaa nini. Lakini katika wingi wa maswali hayo limesahauliwa swali moja ambalo, kwa nadhari yangu, ndilo la kwanza kwa daraja, nalo ni kama mtoto huyu ana furaha huko aendako kila siku asubuhi. Tumezoea kuiona shule ya msingi kama ukumbi wa stesheni, ambamo abiria huketi juu ya mizigo yao wakingoja gari la moshi litakalowapeleka kwenye maisha, ilhali miaka ile ni sehemu ya aushi ya mja sawasawa na miaka mingine yoyote, na aliyeipitisha katika hofu na simanzi hakuna cheti kitakachomrudishia.

Fikra hii si ngeni nchini mwetu. Mnamo Machi 1967, baada tu ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alianza kusoma katika shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alikumbusha kwamba wakati wa uhuru, mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na watoto wapatao 490,000 tu katika shule za msingi, na wengi wao hawakuvuka darasa la nne; kufikia mwaka ule wa 1967 idadi ilikuwa imepanda ikawa kama 825,000, lakini nafasi za sekondari zilikuwa haba mno, hata waliobahatika kuzipata walikuwa wachache kabisa. Kutokana na hesabu hiyo alitoa hukumu ninayoiona kuwa ya insafu kubwa: elimu ya shule ya msingi sharti iwe kamili ndani yake yenyewe, wala isiwe matayarisho tu ya elimu ya juu yake ambayo wengi hawataipata. Waraka huo umesomwa sana kwa ajili ya jembe na shamba la shule, na jembe lina heshima yake. Laiti fungu hili nalo lingesomwa kwa taadhima ileile, tungetambua kwamba elimu iliyo kamili ndani yake haina budi kuwa na ladha leo hii, mtoto angali dawatini, na kwamba ladha ya masomo kwa mtoto wa miaka saba ni furaha.

Wala furaha hiyo haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo, kwa sababu imo tayari katika siku ya kawaida ya shule zetu, kwa yule mwenye subira ya kuitazama. Jua halijapanda bado, na watoto wamekwisha kupangwa mistari kwa ajili ya mchakamchaka, wakubwa mbele na wadogo nyuma, mmoja akiimba na wote wakimwitikia, na vumbi likipanda nyuma ya miguu ambayo mingine ina viatu na mingine haina, hata mzee anayepiga mswaki barazani kwake husimama kuwasikiliza. Baada ya hapo kila kundi huenda katika eneo lake la usafi: hawa wanafagia kwa fagio za chelewa, wale wananyunyiza maji darasani ili vumbi litulie, wengine wanamwagilia miche ya mipapai na mchicha wa bustani, na msichana wa darasa la sita amemshika mkono mdogo wa darasa la kwanza akimwonyesha jinsi majani yanavyokusanywa bila ya kuyatawanya tena. Kisha hulia kengele, ambayo katika shule nyingi ni ringi la gari kuukuu lililotundikwa kwenye tawi la mwembe, na yule aliyepewa zamu ya kuligonga hupiga kwa fahari ambayo sijaiona kwa watu wazima wengi waliokabidhiwa madaraka makubwa zaidi. Katika paredi hupigwa ngoma na filimbi za bendi, huimbwa wimbo wa taifa, hukaguliwa kucha na kola za mashati, na katika shule nyingine mwalimu wa zamu huuliza hesabu za kichwa, na kila anayejibu huruhusiwa kutangulia darasani akikimbia.

Mpita njia huona katika hayo sare zilizofifia rangi na kuta zinazodai chokaa. Mtoto aliyesimama katika mstari ule huona kwamba yeye ni mmoja wa wengi, kwamba ana kazi inayojulikana kuwa ni yake, na kwamba asipofika mahali pake patakuwa wazi na mtu atauliza. Hiyo ndiyo furaha ninayoisema. Ni jambo lenye uzito kuliko kicheko, ingawa kicheko nacho kimo kwa wingi.

Nimewahi kuketi nyuma ya darasa la pili katika shule moja ya pwani ya Tanga, darasa ambalo madawati yake hayakuwatosha waliomo na baadhi yao walikaa sakafuni wameweka daftari mapajani, na kwa hakika niliingia nikiwa na huruma zaidi ya matumaini. Mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliwafundisha kujumlisha kwa visoda na mbegu za ukwaju ambazo watoto wenyewe walikuwa wameziokota, na kila mmoja alikuwa na furushi lake dogo la hazina hiyo ambalo hangekubali kulibadilisha na la mwenziwe. Kipindi cha mwisho, saa ambayo njaa na joto vimekwisha kuwachosha, alilifunga lile sanduku la chaki, akaketi, akaanza kuwasimulia habari za sungura na fisi, akimpa kila mnyama sauti yake, mpaka fisi alipofika ukingoni mwa shimo. Hapo akanyamaza, akawaambia kila mmoja aandike mwenyewe yaliyomfika fisi. Watoto wale wale ambao dakika chache kabla walilalamika kwamba imla ya maneno machache ni ndefu waliinama juu ya daftari zao na kuandika hadi kengele ikalia, na baada ya kengele wapo waliokataa kuondoka. Mwanamke yule hakuwa na chombo chochote ambacho mwalimu mwingine hana. Alikuwa na hadithi, na alikuwa na imani kwamba watoto wake wana la kusema.

Sanaa ya namna hii ina mizizi mirefu katika shule zetu. Baada ya Azimio la Arusha zilivuma ngonjera, mtindo wa mashairi ya majibizano ambao marehemu Mathias Mnyampala aliukuza na kuueneza, na mashuleni ukapata makao yake ya kudumu, kiasi kwamba hadi leo haikamiliki sherehe ya mahafali pasipo watoto wawili kusimama mbele ya mgeni rasmi, mmoja mwenye kuuliza na mmoja mwenye kujibu, mikono ikienda pamoja na vina. Waliopitia hapo wanajua kwamba ubeti uliohifadhiwa kwa furaha haufutiki, na kwamba watu wengi ambao wamesahau kanuni zote za sarufi wangali wanakumbuka zamu yao katika ngonjera.

Yapo pia mapumziko, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hakuna sehemu ya siku ya shule inayodharauliwa kama hii. Akina mama wameketi chini ya mti na mabeseni yao: mihogo ya kukaanga, kachori, ubuyu, kashata, maembe mabichi yaliyopakwa chumvi na pilipili, mwenye shilingi hununua na asiye nayo humegewa, na mara chache nimeona mtoto akila peke yake huku mwenziwe akimtazama. Uwanjani wasichana wanacheza rede, wa katikati akiukwepa mpira wa soksi huku akijaza mchanga katika chupa. Kando wanadaka mdako, wakirusha kijiwe na kuzoa vingine shimoni kabla hakijashuka. Wavulana wanagombania mpira wa makaratasi, na nyuma ya choo kipya cha shule kombolela inaendelea kwa makelele makubwa. Atazamaye kwa haraka husema wanapoteza wakati. Lakini ni wapi pengine ambapo mtoto hutunga sheria pamoja na wenzake, huzitii bila ya mtu mzima kumsimamia, hushtaki anapoonewa, huamua, hushindwa mbele ya watu na kurudi kucheza tena na aliyemshinda? Hesabu ya mdako ni hesabu, na hukumu ya rede ni hukumu. Wale wanaofika katika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, wakashangiliwa na mikoa yao walianzia katika vumbi hilo hilo.

Na hayo ndiyo tunayoyapunguza mwaka hata mwaka. Katika shule nyingi mtoto wa darasa la nne na la saba hunyang'anywa mapumziko yake ili amalizie maswali, huzuiliwa jioni kwa masomo ya ziada, huitwa siku ya Jumamosi, na karibu na mtihani huwekwa kambini. Na huku kwetu pwani ni huyo huyo anayetarajiwa alasiri awe katika chuo cha Kurani na juzuu yake mkononi. Hufanywa hivyo kwa nia njema, nami siwashutumu walimu, kwa maana wao nao hupimwa kwa wastani wa shule na huulizwa vikali unaposhuka. Hata hivyo akili ya mtoto iliyochoka haipokei, na lile lililoingizwa kwa hofu hutoka mara tu hofu inapokwisha. Juu ya fimbo nitasema kidogo tu: kanuni za mwaka 2002 zimeweka ukomo wa viboko vinne na kumkabidhi mwalimu mkuu idhini yake, jirani zetu wa Kenya waliiondoa adhabu hiyo mashuleni tangu mwaka 2001, na mimi ni katika wale wanaoamini kwamba mtoto aliyejifunza kumwogopa mwalimu hujifunza baada yake kuliogopa somo.

Watakuwapo watakaonijibu kwamba furaha ni anasa ya shule za matajiri, na kwamba shule ya umma yenye msongamano, hasa tangu michango ilipoondolewa mwaka 2016 na watoto wa darasa la kwanza wakafurika, haina nafasi ya mambo hayo. Msongamano ni wa kweli, upungufu wa walimu ni wa kweli, na hakuna hadithi ya sungura inayoiondolea serikali wajibu wa kujenga madarasa na nyumba za walimu; naam, mwalimu anayetembea mwendo mrefu kufika kazini na kurudi nyumbani gizani hawezi kuwapa watoto uchangamfu ambao yeye mwenyewe ameporwa. Lakini nimeyataja mchakamchaka, kengele, bustani, visoda, hadithi, ngonjera na mpira wa soksi, na katika hayo yote sikutaja jambo moja linalongoja bajeti. Kumwita mtoto kwa jina lake hakuna gharama. Kumsifu mbele ya wenzake kwa herufi aliyoiandika vizuri hakuna gharama. Shule maskini imekosa mengi, na ndiyo sababu ni dhuluma kuikosesha na hili ililo nalo.

Isitoshe, hoja iliyokuwa ikitumiwa kuhalalisha hofu, kwamba asiyefaulu ataachwa nje ya sekondari, inapungua nguvu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeamua kwamba elimu ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba, na kwamba elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, maana yake mtoto anayeanza darasa la kwanza sasa anatazamiwa kuendelea hadi kidato cha nne bila ya kuchujwa njiani. Mwalimu Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa mwembamba. Leo mlango unapanuliwa, na kwa sababu iliyo kinyume tunafikia hukumu ile ile. Ikiwa mtoto hatafutiwi tena makosa ili aachwe, basi hakuna udhuru wa kuendelea kumlea darasani kwa kitisho cha kuachwa.

Kwa hiyo ninawaomba wazazi wenzangu na wajumbe wa kamati za shule, katika kikao kijacho, baada ya kuuliza juu ya wastani na nafasi ya shule wilayani, waulize pia kama mapumziko yanaheshimiwa, kama hadithi zinasimuliwa, kama uwanja wa michezo haujauzwa wala kupangishwa, na kama kipo kipindi cha nyimbo kinachofundishwa kweli badala ya kuandikwa tu katika ratiba. Nawaomba walimu wasiyaonee haya mambo haya wala wasiyaite upuuzi mbele ya mkaguzi. Nawe msomaji, mwanao atakaporudi nyumbani leo, kabla hujalidai daftari lake, muulize amecheza nini na amesimuliwa hadithi gani, kisha umsikilize mpaka amalize.