Telefoni darasani: kukataza tu hakumlindi mwanafunzi wa Kivu

Katika shule nyingi za mashariki mwa RDC, sheria inajulikana: mwanafunzi haingii darasani na telefoni. Ikikamatwa, inabaki ofisini hadi mzazi aje kuichukua. Lakini jioni ileile, tangazo la mkutano wa wazazi, ratiba ya mitihani na hata ukumbusho wa minervali vinapitia katika kundi la WhatsApp. Shule inaikataza telefoni asubuhi, jioni inaitegemea.

Wanaokataza wana sababu zao. Telefoni inavuruga masomo. Imetumika pia kusambaza majibu ya mitihani, na ndiyo maana hairuhusiwi katika vyumba vya Mtihani wa Taifa. Ripoti ya UNESCO iliyotolewa mwaka 2023 ilionyesha kwamba wakati huo chini ya nchi moja kati ya nne duniani ilikuwa imeweka marufuku ya telefoni shuleni kwa sheria au kwa maagizo ya serikali. Ripoti hiyo haikusema teknolojia yote itupwe nje. Ilisema iingie darasani pale tu inapomsaidia mwanafunzi kujifunza.

Kwa Kivu na Ituri, swali hili ni zito zaidi. Hapa mtoto anapokea picha za vita, za miili na za ahadi za uongo kabla hajafika darasa la nane. Kama shule haimfundishi namna ya kuzisoma, nani atamfundisha?

Somo la Ebola

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walifariki. Madaktari walipambana na virusi, na pia na uvumi uliopita kwa mdomo, kwa redio za mitaani na kwa telefoni. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo, serikali ikitaja Ebola na usalama, wengi waliamini kwamba ugonjwa wenyewe ulitungwa kwa sababu za siasa. Mwezi Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Haiwezekani kusema kwamba ujumbe mmoja wa WhatsApp ndio uliowasha moto huo. Hasira ilikuwa na mizizi mirefu: miaka ya mauaji, serikali isiyoaminika, pesa nyingi zilizoingia kwa ghafla. Lakini familia zilizobaki bila namna ya kutofautisha habari na uvumi zililipa kwa maisha ya watu wao. Ni katika mwaka huo wa 2018 ambapo waandishi wa habari Wakongomani walianzisha Congo Check, chombo kinachochunguza ukweli wa habari zinazosambaa. Kazi hiyo inaendelea, kwani kila mapigano yanapoanza upya, picha za zamani au za nchi nyingine zinarudi mitandaoni zikiitwa picha za leo.

Mgomba mmoja, picha tatu

Picha ya telefoni inaweza pia kufundisha mambo ya kawaida kabisa ya programu ya shule. Mfano ni mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria unaojulikana Kivu Kaskazini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipoonekana Masisi. Kitabu kinaweza kuutaja kwa mistari miwili. Shambani, mwanafunzi anaweza kuupiga picha hatua kwa hatua: jani linalogeuka manjano na kulegea, ndizi inayoiva kabla ya wakati, na shina lililokatwa ambalo linatoa utomvu wa manjano.

Picha hizo tatu zikifika darasani, mwalimu wa biolojia ana somo zima. Kwa nini ndizi imeiva mapema? Bakteria wamepita wapi? Kwa nini mkulima anashauriwa kusafisha panga kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuondoa ua linaloning'inia chini ya mkungu kwa mti wenye panda badala ya panga? Mwanafunzi aliyepiga picha hawezi kujibu kwa kukariri, kwa sababu lazima aeleze alichokiona.

Jiografia nayo ina nafasi yake. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno. Nyiragongo ilitoa lava iliyofika mjini tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ikatoa nyingine iliyofunika sehemu za Buhene. Wanafunzi wanaweza kupiga picha za mawe ya miaka hiyo miwili, wakalinganisha rangi yake, majani yaliyoota juu yake na nyumba zilizojengwa tena. Neno mazuku, ambalo wenyeji wanalitumia kwa hewa nzito inayoua mifugo na watu kwenye mabonde, limeingia katika maandishi ya wanasayansi wa dunia nzima. Somo kuhusu gesi ya kaboni linaweza kuanzia kwenye neno hilo, mradi hakuna mwanafunzi anayetumwa kwenda kupiga picha pahali penyewe pa hatari.

Njia hii si mpya. Katika miaka ya 1990, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, kamera ili waonyeshe wenyewe maisha na matatizo yao ya afya, kisha wayajadili pamoja. Njia hiyo imetumika tangu hapo katika nchi nyingi. Goma kwenyewe, kituo cha utamaduni cha Yolé!Africa kimefundisha vijana kwa miaka mingi kutengeneza filamu na picha kuhusu mji wao. Lakini shule kwa sehemu kubwa imebaki nje ya kazi hiyo.

Picha iliyopokelewa haisemi yote

Sehemu ya pili ya somo ni picha ambazo mwanafunzi hakuzipiga mwenyewe. Hapa mwalimu anahitaji kujua mambo machache kuhusu chombo chenyewe.

Telefoni inapopiga picha, inahifadhi ndani yake tarehe na saa, na mara nyingine pahali. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, inapunguzwa ukubwa na taarifa hizo zinaondolewa. Ndiyo maana picha iliyofika katika kundi haiwezi yenyewe kuthibitisha kwamba imepigwa jana au kwamba imepigwa Sake. Maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya aliyeituma, na pengine si ya aliyeipiga.

Ujumbe wenye mishale miwili umepita mikononi mwa watu wengi. Tangu Aprili 2020, WhatsApp inazuia ujumbe wa namna hiyo usitumwe kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa mara moja. Mwanafunzi akiiona alama hiyo, afundishwe kusimama kwanza. Akiwa na mega, anaweza kuitafuta picha kwa Google Lens na kuona kama ilikwisha kuonekana miaka iliyopita katika nchi nyingine. Akiwa hana mega, bado ana macho: maandishi ya bango ni ya lugha gani? Namba ya gari ni ya wapi? Sare ya polisi ni ya nchi gani? Milima ile ni ya Masisi kweli?

Maswali haya hayahitaji maabara. Yanaweza kuulizwa kwa picha moja iliyochapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ubaoni. Programu mpya ya sayansi ya darasa la saba na la nane tayari imeweka TIC ndani ya masomo, kwa hiyo mwalimu anayefanya hivyo hatoki nje ya kazi yake.

Nani analipa mega?

Mwezi Machi 2020, serikali ilifunga shule kwa sababu ya Covid-19. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi mwezi Agosti na wengine mwezi Oktoba. Radio Okapi ilirusha vipindi vya masomo, na walimu kadhaa walituma mazoezi kwa WhatsApp. Pengo lilionekana haraka. Mtoto ambaye mzazi wake ana telefoni kubwa aliendelea, mwenye katoshi alisubiri.

Pengo hilo halijazibwa. Wananchi hawajasahau RAM, malipo yaliyokatwa kwenye krediti ya telefoni kuanzia Septemba 2020, dola 1 kwa mwaka kwa telefoni ndogo na dola 7 kwa kubwa, hadi yalipofutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya nchi nzima. Umeme nao haupo kila pahali. Kituo cha Matebe, kilichozinduliwa Rutshuru Desemba 2015, kilibadilisha mambo kwa sehemu ya jimbo, lakini vijiji vingi bado vinachaji telefoni kwa kulipa. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ilijaza madarasa bila kuleta vifaa vya kutosha. Mwalimu wa N.U., ambaye bado hajaingia kwenye orodha ya mshahara, hawezi kuombwa anunue mega kwa mfuko wake.

Wasichana wako nyuma zaidi. Ripoti za GSMA zinaonyesha mwaka kwa mwaka kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara wanawake wanatumia intaneti ya telefoni kuliko wanaume kwa kiwango kidogo. Kazi ya nyumbani inayodai kila mtoto awe na telefoni yake itawaacha wao wa kwanza.

Njia iliyo karibu ni telefoni moja ya shule kwa darasa zima, wanafunzi wakigawanywa katika vikundi, msichana na mvulana wakipokezana kamera. Picha zinaweza kuhamishwa kutoka telefoni hadi telefoni kwa Bluetooth au Xender, bila mega hata moja. Picha iliyopunguzwa na sauti fupi vinakula mega kidogo sana kuliko video.

Hatari zenye majina

Kuna sababu nyingine ya kutofungua mlango bila ulinzi. Kundi la WhatsApp linampa kila mwanachama namba za wengine wote. Namba ya msichana wa miaka 15 ikifika kwa mtu mzima asiyemjua, au kwa mwalimu anayetaka kubadilisha alama kwa ngono, shule ndiyo imemwonyesha njia. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inaadhibu usumbufu wa kingono. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, kwa hiyo kundi la wanafunzi wa shule ya msingi halina msingi. Huko, kundi liwe la wazazi.

Hatari ya pili ni vita. Tangu Januari 2025, Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu ilifuata Februari. Familia zimehama, wengine mara mbili au tatu. Picha inayoonyesha mtu mwenye silaha, kizuizi cha barabarani, kambi ya wakimbizi au uso wa jirani inaweza kumletea mtoto matatizo makubwa, hata kama aliipiga kwa ajili ya somo la jiografia. Mwalimu anayetuma wanafunzi kupiga picha bila kuwaambia wasichopaswa kupiga amewaweka hatarini.

Karatasi moja ya sheria

Kinachokosekana katika shule nyingi ni sheria iliyoandikwa, inayosomwa mbele ya wazazi mwanzoni mwa mwaka. Karatasi moja inatosha. Telefoni inatumika saa ya somo tu, kwa ruhusa ya mwalimu, na inabaki imezimwa saa nyingine. Kila kundi lina watu wazima wawili, mmoja akiwa mzazi. Mwalimu hamwandikii mwanafunzi peke yake. Uso wa mtu haupigwi bila ruhusa yake, na wa mtoto bila ruhusa ya mzazi. Askari, silaha, vizuizi na kambi havipigwi kabisa. Kila picha inakuja na maelezo manne: nani ameipiga, inaonyesha nini, wapi na lini. Isiyo nayo haitumwi.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba somo lote. Mtoto aliyezoea kuandika mambo hayo manne chini ya picha yake mwenyewe atayatafuta chini ya picha za wengine. Asipoyakuta, atasita kabla ya kuisambaza. Katika eneo ambako uvumi umewahi kuchoma vituo vya afya, kusita huko kunaweza kuokoa mtu.

Wizara ya elimu huko Kinshasa, wakuu wa elimu majimboni, na wanaoshika madaraka katika miji ambako serikali haiko kwa sasa, wote wanaweza kuendelea kubishana kuhusu kompyuta zitakazokuja siku moja. Kamati ya wazazi na mkuu wa shule hawahitaji kuzisubiri. Karatasi hiyo inaweza kuandikwa wiki hii, na mgomba wa kupiga picha hauko mbali na uwanja wa shule.