Kabla hujanunua sensa ya hewa, fungua kwanza eya klina

Mkulima mwenzangu, leo naweka pembeni mbegu na mbolea. Mimi si fundi gari, diploma yangu ni ya kilimo. Lakini nyanya ikishavunwa, kinachobaki kati yako na hela yako ni pikapu, na hapo naona vijana wengi tunapoteza.

Msimu uliopita kijana mmoja ninayemhudumia huku Ilula alipakia tenga zake kwenye Hilux ya petroli, ile yenye injini ya 2TR, awahi mnunuzi aliyekuwa anasubiri na Fuso barabara kuu. Kilima cha kwanza tu, gari likakosa nguvu. Ukikanyaga linasita, halafu linashtuka, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Alipofika, Fuso ilishajaa mzigo wa wengine. Aliuza kwa bei ya kuhurumiwa.

Fundi akachomeka mashine, ikasoma P0101. "Sensa imekufa, lete hela ya nyingine." Kijana akanunua. Haikupita muda mrefu, gari likarudia yaleyale. Akanipigia: "Afisa, hii gari imerogwa au?"

Nilipokwenda tulifungua boksi la eya klina. Chujio lilikuwa limechanika pembeni, na vumbi jekundu limetapakaa ndani ya mpira wa hewa hadi ilipokaa sensa. Mpya kabisa, na imeshachafuka. Hakuna aliyekuwa amefungua lile boksi kabla ya kununua, wakati linashikwa na klipu tu.

Sensa yenyewe ni kitu kidogo. Inakaa baada ya chujio, kabla hewa haijaingia kwenye injini. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya gari inapima umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake. Kwa hesabu hiyo inajua hewa iliyoingia na mafuta ya kumwaga. Waya ukivaa vumbi, unapozwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inabana mafuta, na wewe unabaki kilimani na tenga zako.

Sasa ile P0101 haisemi sensa imekufa. Inasema kipimo cha hewa hakiendani na kile kompyuta inachotegemea. Inaweza kuwa uchafu, mpira uliopasuka baada ya sensa ukavuta hewa isiyopimwa, plagi ya waya iliyolegea, au kweli sensa yenyewe. Kukimbilia kununua ni sawa na kubadilisha dawa ya wadudu wakati nozeli ya bomba lako la mgongoni imeziba. Hilo la nozeli mnalijua vizuri, mbona kwenye gari mnakuwa wageni?

Wapo watakaosema afisa anaingilia kazi ya mafundi. Hapana. Kazi ninayoisema haifiki nusu saa. Zima gari, acha ipoe, chomoa plagi ya waya, fungua skrubu mbili, itoe taratibu. Tafuta kopo la dawa maalumu lililoandikwa MAF, pulizia waya mara kadhaa bila kuugusa, halafu iache ikauke yenyewe kabisa ndipo uirudishe. Usitumie petroli, kabureta klina wala upepo wa kompresa. Na usiifute! Gari langu la kwanza nilifuta ile waya kwa kijiti cha pamba cha masikioni, ikakatika palepale. Hela ya sensa nyingine nilitoa mwenyewe na sikuwa na fundi wa kumlaumu.

Ukishaisafisha, ukakagua mpira na plagi, ukafuta kodi na bado ikarudi, hapo badilisha, sibishani. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, namba zake zifanane. Kwa maoni yangu, ya mtumba iliyo halisi, iliyotolewa kwenye gari kama lako, ni bora kuliko mpya ya bandia. Ya bandia inaingia vizuri kwenye tundu lake ila inapima uongo, na utaanza kusaka ugonjwa upya. Wenye pikapu za zamani za dizeli zenye pampu ya kawaida, nyie hamna sensa hii. Chujio mnalo, na kwenu pia likichanika vumbi linakwangua pistoni na ringi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko sensa.

Ndiyo maana nashauri chujio liingie kwenye gharama za msimu, mstari mmoja na dawa na vibarua. Kilometa za kwenye kitabu cha gari zimeandikwa kwa matumizi ya kawaida. Kiangazi, kwenye barabara zetu za udongo, mimi nafungua boksi kila wiki. Na ukiendesha nyuma ya lori lililojaa vumbi, achia nafasi.

Yule kijana tulisafisha sensa zote mbili, ile "iliyokufa" na hiyo mpya. Akafunga chujio jipya, akairudisha ile ya zamani kwenye gari, taa ikazima. Mpya ameifunga kwenye nailoni, iko chini ya siti pamoja na chujio la akiba.