Koleo ni ya Misumari, Si ya Meno

Haraka haraka haina baraka. Methali hii twaiimba darasani kila siku, lakini nyumbani jino la mdogo wetu likitikisika kidogo tu, mbio tunatafuta uzi na mlango. Uzi ukikatika, tunachukua koleo. Jamani, kwani jino ni msumari?

Mtoto ana meno ya maziwa 20, nayo huanza kung'oka akiwa na miaka 6 hivi. Jino la ukubwani likikua ndani ya ufizi, mzizi wa lile la maziwa huyeyuka polepole hadi linalegea lenyewe. Likilegea kabisa, ulimi wa mtoto na vidole safi vyatosha. Likitolewa mapema, meno ya kando husogea na kuziba nafasi, na la ukubwani huota upande.

Kuna jambo baya zaidi. Katika sehemu za Kenya, Uganda na Tanzania, mtoto mchanga akihara au akipata homa, ufizi uliovimba husingiziwa. Watanzania husema ana "meno ya plastiki". Basi huchimbwa kwa kisu au spoki ya baiskeli, na kinachotolewa, ati mdudu, kumbe ni chipukizi la chonge! Kuhara hakukomi. Huja damu, usaha, hata pepopunda, na chonge la ukubwani laweza kuharibika.

Mtasema ninadharau mila. Sivyo. Wazee wengi wa Kikipsigis hapa Kericho na Bomet wana pengo la meno mawili ya chini, na hueleza kwamba lilisaidia kumnywesha maziwa mgonjwa aliyefungwa taya na pepopunda. Sababu ilikuwepo. Leo chanjo ipo, na chombo kichafu ndicho kinacholeta pepopunda yenyewe! Tena Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza mila zinazodhuru afya ya mtoto.

Ni kweli, mama akiacha kuchuma majani chai ili aende Kericho, Longisa au Tenwek, amepoteza pesa za siku. Lakini jino lililolegea halidai hata senti, na mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi na sukari na daktari, si kisu.

Likizo hii, ndugu zangu, tuwaeleze wazazi kwa adabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu naye akielezwa vizuri, husikia. Na ile koleo tuiache kwa fundi.