Saa 72 kwanza, kipimo baadaye
Safu ya Barazani, na Mama Zuhura

Jumatatu asubuhi maduka ya dawa ya Dar es Salaam huwa na wateja wanaonong'ona. Chukua kijana mmoja wa aina hiyo: Jumamosi saa tano usiku kondomu ilipasuka, Jumapili nzima hakula. Saa nne asubuhi ananunua kipimo cha kujipima VVU, anajifungia chooni, anapitisha kijiti kwenye ufizi, anasubiri dakika 20. Mstari mmoja. Anashusha pumzi, anarudi kazini.

Mstari ule unaeleza hali yake ya takribani miezi mitatu iliyopita. Kuhusu Jumamosi, haujui lolote.

Vipimo vya haraka husaka kingamwili, na mwili huchukua kati ya siku 23 na 90 kuzitengeneza hadi zionekane. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipani, kinachosaka pia antijeni ya p24, yaani protini ya kirusi, huweza kuona maambukizi kati ya siku ya 18 na ya 45. Kile kinachotafuta kirusi chenyewe huhitaji siku 10 hadi 33. Hakuna kipimo duniani kinachoona maambukizi ya juzi.

Ilhali kijana alikuwa na kazi ya maana ya kufanya asubuhi ile. Dawa kinga ziitwazo PEP, ambazo ni ARV zile zile, huzuia VVU kuota mizizi mwilini zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa kila siku kwa siku 28. Alipofika dukani zilikuwa zimepita saa 35. Akauziwa kipimo, akapewa chenji, hakuna aliyemuuliza kitu.

Taifa limefundishwa kupima, na limeelewa. Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani. Mwaka 2019 Bunge likarekebisha sheria ya UKIMWI ya 2008, watu wakaruhusiwa kujipima wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima wana VVU, na asilimia 82.7 ya hao wanajua hali zao. Ni mafanikio makubwa. Ila somo liliishia kwenye "pima". La "lini" halikufundishwa.

Matokeo yake ni mtu wa pili: baba mwenye familia aliyeteleza mara moja, sasa anapima kila wiki. Wiki ya tatu akipata homa, anaanza kuaga dunia. Ni kweli maambukizi mapya huweza kuleta homa, koo kuuma na vipele kati ya wiki ya pili na ya nne, lakini malaria na mafua nayo huleta homa. Usiku anakifukua kipimo cha asubuhi kutoka kwenye pipa la taka, anakimulika kwa tochi ya simu, anaona kivuli cha mstari wa pili. Kipimo cha ufizi cha OraQuick husomwa kati ya dakika 20 na 40. Kinachojitokeza baada ya hapo si jibu. Na hata mistari miwili iliyosomwa kwa wakati inahitaji kuthibitishwa kituoni.

Baba huyo hakuambiwa pia kwamba hatari ina kiwango. Makadirio ya tendo moja la kawaida la mwanamume na mwanamke, mmoja akiwa na VVU na hatumii dawa, ni maambukizi kama 4 hadi 8 kwa kila matendo 10,000. Si ruhusa ya kuacha kondomu, maana magonjwa mengine ya zinaa huipandisha hatari hiyo. Na anayetumia ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Wizara ya Afya iwatake wauza dawa wote wamuulize kila mnunuzi wa kipimo swali moja: "Ilikuwa lini?" Halina gharama. Aliyepata shaka jana aende hospitali leo akaombe PEP, na afuate ratiba ya vipimo atakayopewa. Ambaye hakumeza dawa apime wiki ya sita, kisha baada ya siku 90. Jibu likiwa hana, na hakujiweka hatarini tena, aliamini na aache kupima.