Saikolojia si ya kuandikisha nota tu

Vijana wenzetu wa Kiringye, Sange, Luberizi na Uvira,

Kwenye seksheni ya pedagojia, wanafunzi wa sekondari wanasoma saikolojia. Wakipata diploma ya leta, wengi wanaenda kufundisha watoto wa primeri. Sasa tujiulize: mwalimu wao, nani alimtayarisha kufundisha hiyo saikolojia?

Mimi nilipita humo. Mwalimu wetu alisomea kitu kingine, akapewa zile saa juu hakukuwa mwingine. Alituandikisha nota za zamani, tukakariri, tukafaulu. Namna ya kumsaidia mtoto mwenye woga, hatukujifunza hata siku moja.

Huku kwetu hilo si jambo dogo. Sange 2010, lori la mafuta liliunguza watu zaidi ya 200. Mutarule 2014, watu waliuawa usiku, watoto pia. Na vita haijaisha. Mtoto aliyeona hayo akinyamaza ao akisinzia darasani, mwalimu asiyejua anasema ni uvivu, anachukua fimbo.

Tunadai:

1. Wakubwa wa elimu pamoja na ISP wapange mafunzo ya walimu wa saikolojia kila likizo kubwa.
2. Leta ilipe nauli na siku zao. Wazazi wasiombwe hata franka moja.
3. Wenye lisansi ya saikolojia wanaokaa nyumbani bila kazi waitwe kusaidia.

Na wewe, uliza kwenye shule ya kwenu: saikolojia inafundishwa na nani, na alisomea nini?

Hatunyamazi.