Programu huria zisizopikika chungu kimoja

Ukimwambia mtu programu fulani ni huria, anadhani basi, unaweza kuichanganya na huria nyingine yoyote. Si kweli jamani. Huria zina leseni, na leseni nyingine hazipikiki chungu kimoja.

Chukua OpenOffice. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliitoa kwa Kiswahili ikiitwa Jambo OpenOffice. Siku zile mojawapo ya leseni zake ilikuwa LGPL: chukua, badilisha, ila ukigawa ulichobadilisha, kigawe kwa masharti yale yale. Msimamizi alikuwa kampuni ya Sun, na waliochangia msimbo walitia saini kwamba hakimiliki ni yao pamoja na Sun. Hapo pashikeni, maana ndipo mchezo ulipo.

Mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun. Wachangiaji wengi wakahama na nakala ya msimbo, wakaanzisha LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, kwa leseni ya Apache. Haikuhitaji kumwuliza mchangiaji yeyote. Saini zilishawekwa!

Sasa leseni ya Apache inaruhusu karibu kila kitu, kwa hiyo LibreOffice inachota kwa OpenOffice itakavyo. Mwaka 2013 ilichukua ile paneli ya pembeni. Kurudisha ndiyo haiwezekani: LibreOffice iko chini ya MPL na LGPL, na Apache haipokei msimbo wa leseni hizo ndani ya msimbo wake. OpenOffice 4.1 ilitoka 2014, na tangu hapo ni viraka tu. Sisemi ni leseni peke yake, watu nao walishahama. Lakini jirani anapika kila siku na wewe huwezi hata kuonja.

Wapo wanaosema LGPL ni ubahili. Mimi siwaungi mkono. Anayesema "nilichokupa bure nawe kitoe bure" ana ubahili gani? Ninachopinga ni kusaini hakimiliki kwa kampuni bila kuwaza itakayeuziwa kesho. Nanyi mnaotafsiri programu usiku wa manane bila hata senti, tafsiri zenu pia zina leseni, ulizeni kabla ya neno la kwanza. LibreOffice haidai hakimiliki. Mtafsiri anabaki na yake, na akitaka kuwapa Apache kazi hiyo hiyo, haombi ruhusa ya mtu.